Zile Nyuzi za Rangi Kwenye Picha za Ubongo: Dhana Potofu na Ukweli

Picha za ubongo zenye nyuzi nyekundu, kijani na bluu zimesambaa sana mtandaoni. Hutokana na DTI, aina ya kipimo cha MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) iliyoelezwa mwaka 1994 na Peter Basser, James Mattiello na Denis Le Bihan. Zinapendeza mno, na hapo ndipo watu wanapopotea.

"Nyuzi hizo ndizo neva zenyewe."
Sizo. Mashine hupima mwendo wa molekuli za maji, ambayo husogea kwa wepesi kufuata nyuzi za neva kuliko kuzikatiza. Kila kipande cha picha kina upana wa milimita 2 hivi, na ndani yake mna maelfu kwa maelfu ya nyuzi. Kipande hicho hupewa tensa, yaani jedwali la namba 9 ambalo, kwa kuwa nusu moja huakisi nyingine, lina namba 6 tu za kujitegemea. Mistari huchorwa na kompyuta ikifuata namba hizo kipande hadi kipande. Mwaka 2017 jarida la Nature Communications lilichapisha jaribio la timu 20 zilizopewa data ya ubongo wa kuigiza, ambao njia zake zilijulikana tangu mwanzo. Programu nyingi zilizipata njia za kweli karibu zote, lakini zikachora njia za uongo nyingi zaidi ya hizo.

"Rangi huonyesha palipo na ugonjwa."
Rangi ni mwelekeo tu: nyekundu kushoto-kulia, kijani mbele-nyuma, bluu juu-chini.

"FA ikishuka, neva zimeharibika."
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huweza kumtia mgonjwa hofu bure. FA ni kipimo cha kuanzia 0 hadi 1 kinachoonyesha maji yanavyoelemea mwelekeo mmoja. Hushuka neva zikiumia, ni kweli. Lakini hushuka vilevile pale nyuzi nzima, zenye afya, zinapopishana, na kupishana huko ni jambo la kawaida kabisa ubongoni.

"Tensa husawazishwa kama picha yoyote."
Kusawazisha picha ni kuipa kila sehemu wastani wa jirani zake, lakini kwa tensa wastani wa kawaida hupotosha. Chukua tensa mbili zenye namba 9, 1, 1 na 1, 9, 1 kwenye mihimili yake mitatu. Zidisha namba za kila moja ili kupima ukubwa wake: unapata 9. Wastani wa kawaida ni 5, 5, 1, na zao lake ni 25! Tensa imevimba bila maji kuongezeka. Mwaka 2006 Vincent Arsigny na wenzake nchini Ufaransa walipendekeza kutafuta wastani kwenye logi (logarithi) za tensa, kisha kuurudisha kuwa tensa. Hapo jibu ni 3, 3, 1, na zao linabaki 9.

"Haya ni mambo ya hospitali tu."
Wahandisi huchora tensa za mkazo ndani ya chuma na zege. Huko namba huweza kuwa hasi, kwa kuwa kuna kuvutwa na kuna kugandamizwa, hivyo umbo la yai, ambalo hutumika kuchorea tensa za ubongo, halifai. Wataalamu wa matetemeko nao huchora tensa kama mpira wa rangi mbili. Kwa tetemeko linalotokana na ardhi kutanuka, kama mengi ya Bonde la Ufa, mpira huwa mweupe katikati na mweusi pembeni.