Mkaa hauishi, gesi ya mtungi ni ya Mtwara: stori za nishati tunazoaminishana Kigoma

Ukikaa Mwanga sokoni au pale mwaloni Kibirizi utasikia watu wanaongea mambo ya nishati kwa uhakika mpaka unaogopa kubisha, sasa ngoja nibishe hapa.

Kubwa kuliko zote ni hii ya "mkaa hauishi bwana, miti si inaota tena". Inaota ndio, na kuni na mkaa kweli vinahesabiwa kwenye nishati jadidifu, yaani inayojirudisha, ila kwa sharti kwamba hamkati haraka kuliko msitu unavyorudi, na miombo yetu ya Uvinza mpaka kule Tabora kwenye mabani ya tumbaku inakua taratibu sana, gogo linaloangushwa asubuhi moja limechukua miaka na miaka kunenepa vile. Alafu kuna hasara ambayo huwezi kuiona kwenye gunia. Tanuri la kienyeji la kufukia na udongo, ukipanga kilo 100 za magogo ukatoa mkaa kilo 15 mpaka 20 ushukuru, na japo kilo ya mkaa ina moto kama mara mbili ya kilo ya kuni, piga hesabu mwenyewe: zaidi ya nusu ya nishati ya ule mti imeishia porini, moshi na joto, hata maharage hujabandika.

Gesi ya mtungi nayo. Watu wanasema ni ya Mtwara, tena ni jadidifu kwa sababu serikali inaiita nishati safi. Hapana kwa yote mawili. Gesi asilia ya visima vyetu vya kusini, Songo Songo na Mnazi Bay, inaenda kwa bomba, sanasana kufua umeme na viwandani, hii ya kwenye mtungi inaletwa na meli kutoka nje. Na safi maana yake haikuumizi kifua wala kukutoa machozi jikoni, haimaanishi haiishi, ni mafuta ya ardhini tu kama dizeli. Kuni ni kinyume chake kabisa, inaweza ikarudi lakini moshi wake unaua.

"Jenereta linatengeneza nishati." Halitengenezi kitu, linabadilisha. Miaka yote ile mji wetu unaendeshwa na majenereta, dizeli ilikuwa inaungua inakuwa joto, joto linakuwa mwendo, mwendo unakuwa umeme, na kwenye hiyo safari kinachofika kuwa umeme ni kama theluthi tu ya dizeli, au zaidi kidogo mashine ikiwa nzuri, iliyobaki inatokea kwenye ekzosi na rejeta. Na wanaodhani ukiwa kwenye gridi ya taifa unatumia umeme wa maji peke yake, Bwawa la Nyerere ni kubwa kweli, megawati 2,115, lakini mitambo ya gesi nayo inaingiza humohumo na ukishachanganyika hakuna wa kuutenganisha.

Sola sasa: "jua likichoma zaidi na umeme unazidi". Paneli inataka mwanga, joto haina kazi nalo, tena linaipunguzia nguvu. Zile wati zilizoandikwa nyuma zimepimwa paneli ikiwa nyuzi 25, kila nyuzi inayozidi hapo inakula karibu asilimia 0.3 mpaka 0.5, na juu ya bati saa saba mchana paneli inafika 60 bila shida, kwaiyo fundi akiilaza kabisa kwenye bati mwambie ainyanyue upepo upite chini. Siku ya mawingu inachaji pia, kidogokidogo.