Swali Ulilolikosa Lirudie, Lakini Si Kesho Yake

Muhula wa pili unapokaribia kwisha, watahiniwa wa kidato cha nne humiminika kwenye kitengo chetu cha ushauri wa masomo hapa Nairobi. Huja na mabunda ya karatasi za miaka iliyopita za KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, nyingi zikiwa fotokopi za barabara ya River Road mjini. Swali langu la kwanza huwashangaza: kati ya hizi, ni ipi umeifanya mara mbili? Jibu huwa karibu lilelile. "Mwalimu, hizi nimeshazimaliza. Natafuta zingine."

Hapo ndipo alama nyingi hupotelea, na huniuma kila mara. Karatasi yenye wino mwekundu husukumwa chini ya kitanda, mtahiniwa akakimbilia nyingine, na kosa lake likamfuata huko. KCSE imefanywa tangu 1989, kwa hiyo karatasi hazitakwisha. Kitakachokwisha ni muda.

Lakini kurudia nako kuna namna yake. Ukisahihisha leo jioni kwa kutazama mwongozo, kisha ukalifanya swali tena kesho asubuhi, utalipata, na hutakuwa umejua lolote jipya. Umelikumbuka jibu tu. Tuseme swali ni hili: redio imeuzwa kwa shilingi 3,400 baada ya bei kupunguzwa kwa asilimia 15, bei iliyoandikwa ilikuwa ngapi? Wengi huongeza asilimia 15 juu ya 3,400 wakapata 3,910. Wamesahau kwamba ile asilimia 15 ilikatwa kwenye bei ya kwanza. 3,400 ni asilimia 85 ya bei hiyo, basi bei ni 4,000. Ukishaiona hiyo 4,000 akili huing'ang'ania, na kesho yake utapanga hesabu vizuri kwa sababu unajua unakoelekea.

Kwa hiyo subiri. Mimi hupendekeza siku nne au tano, kisha wiki mbili, kisha mwezi. Ukisoma swali na nambari ya jibu isikujie, wakati wake umefika. Funika kazi ya zamani, ulifanye upya kwenye karatasi tupu. Ukilipata, libadilishe: punguzo liwe asilimia 20 na redio iuzwe kwa 3,400 ileile. Sasa bei ni 4,250. Kisha ligeuze: iliandikwa 4,250, ikauzwa 3,400, punguzo ni asilimia ngapi?

Kiswahili nacho ni vivyo hivyo. Aliyekariri kwamba "Angalisoma, angalipita" hukanushwa kuwa "Asingalisoma, asingalipita", mpe "Tungefika mapema, tungemkuta". Akiandika "Tusingefika mapema, tusingalimkuta", amechanganya -nge- na -ngali-. Alishika sentensi, kanuni ikamponyoka.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena. Wengine walijitahidi kuandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Kusoma mwongozo wa kusahihisha mara tatu, basi, hukupa raha ya kuelewa, na raha hiyo haidumu hadi mtihani wa Novemba.

Kila swali ulilolikosa liandikie sababu, kwa maneno yako. Neno "uzembe" silipendi hata kidogo, maana huficha kosa badala ya kulionyesha. Andika "nilisoma bei ya kununua nikaichukua kama bei ya kuuza", au "sikubadilisha sentimita kuwa mita". Ukiona sentensi moja imejirudia mara nne katika daftari, umelijua tatizo lako, na karatasi mpya kumi zisingekuonyesha. Na uliyoyapata kwa kubahatisha je? Yawekee alama ya nukta ukiwa bado unayafanya, kwa sababu ukishaona tiki utajiaminisha kwamba ulijua.

Raundi ya mwisho ifanye kwa saa. Karatasi ya Hisabati ina alama 100 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 10 katika sehemu ya pili lina dakika 15. Ukilipata kwa dakika 25, bado linahitaji kurudiwa.

Maswali ya Fasihi yanayohusu vitabu teule vya zamani yaache, kwa kuwa vitabu hivyo hubadilishwa.

Wazazi huniuliza wanunue karatasi zipi zaidi. Kwa wiki chache za mwisho, mara nyingi hakuna haja. Hata mzazi ambaye hakufika kidato cha nne anaweza kusaidia jioni baada ya chakula: chukua karatasi iliyosahihishwa, chagua swali lililokosewa, funika jibu, usome kwa sauti. Usimwombe mtoto jibu. Mwombe akueleze ataanzia wapi, na kwa nini aanzie hapo. Akisitasita, weka alama ya duara kwenye swali hilo, mlirudie wiki ijayo.