Je, wajua kwa nini bosi mhasibu na bosi fundi hawabuni vitu vilevile?

Tuchukue mfano wa kubuni: viwanda viwili vya minofu ya sangara hapa Mwanza. Vinanunua samaki kwenye mialo ileile, na mwaka huu vimebakiwa na fedha sawa. Kimoja kinaagiza mashine ya kugandisha isiyokula umeme mwingi. Cha pili kinaajiri watu wa kujaribu soseji za samaki. Ziwa moja, soko moja; tofauti imetoka wapi?

Uliza bosi alianzia kazi wapi. Mwaka 1958, watafiti Dearborn na Herbert Simon walieleza jinsi mameneja 23 wa kampuni moja nchini Marekani walivyosomeshwa habari za kiwanda cha chuma, kila mmoja ajiweke kwenye kiti cha mkuu wa kiwanda na aseme tatizo kubwa ni lipi. Kati ya sita wa idara ya mauzo, watano walitaja mauzo. Kati ya 17 waliobaki, ni watano tu.

Sisi wa kandokando ya ziwa, hilo halitushangazi. Mvuvi wa dagaa huuliza habari za mwezi, maana taa yake inahitaji giza. Mwanikaji huuliza jua. Mwenye lori huuliza barabara. Dagaa ni walewale. Bosi naye hawezi kusoma kila taarifa inayofika mezani, kwa hiyo hudaka ile ambayo jicho lake limeizoea. Mwaka 1984 watafiti wengine, Hambrick na Mason, waliifanya hoja hii kuwa nadharia: kampuni ni kioo cha wakuu wake, umri wao, elimu yao na njia ya kazi waliyopitia.

Barker na Mueller, mwaka 2002, walikuta kampuni za Marekani zinazoongozwa na waliotokea uhandisi, utafiti au masoko zikitumia zaidi kwenye utafiti. Wingi wa vyeti baada ya shahada ya kwanza haukuwa na uzito. Shahada ya juu ya sayansi ilikuwa nao. Ila naomba mhasibu asionewe: kupunguza barafu inayopotea kati ya mwalo na kiwanda nako ni ubunifu, ingawa hakuhesabiwi kwenye bajeti ya utafiti.

Huenda wamiliki humwajiri mhandisi kwa sababu tayari walitaka uvumbuzi? Inawezekana. Lakini Barker na Mueller walikuta pia kwamba kadiri bosi anavyokaa madarakani, ndivyo bajeti ya utafiti inavyozidi kufuata mapenzi yake.