Chama si cha serikali, na kibarua ni mfanyakazi

Nikikaa na vibarua saiti kuwaeleza habari za chama cha wafanyakazi, hazipiti dakika tano kabla mmoja hajasema: "Hicho si ni cha serikali?" Juzi nimelisikia tena kwa mwashi mwenye miaka 20 kazini. Limenichosha, maana linawaacha watu bila tawi huku hela yao ya wiki ikicheleweshwa.

Walioanza kulisema hawakukosea. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika lililoundwa 1955 na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza, lilikuwa la vyama huru. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa kwa sheria, na ikaja NUTA, chama kimoja cha wote, mjenzi na karani. Katibu mkuu aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi! Aliyepunjwa angemshtaki nani kwa nani? Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafuata JUWATA, nayo ikawa jumuiya ya CCM. Babu aliyemwaga zege miaka hiyo alisema kweli.

Mjukuu wake, hapana. Mwaka 1991 JUWATA iliipisha OTTU, shirika la vyama vya wafanyakazi Tanzania, kisha vyama vya kisekta vikarudi, na wajenzi wa Tanzania Bara wakawa na chama chao, TAMICO, pamoja na wenzao wa migodi na nishati. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, viongozi huchaguliwa na wanachama, na wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama kipya. Hakuna waziri anayewapangia katibu. Wanachama wakifika 10 mahali pa kazi wanaweza kufungua tawi hapohapo, na wawakilishi hutoka miongoni mwao. Tawi lenu likilala, msitafute sababu Dodoma. Itisheni mkutano, mchague wengine.

Wanaoogopa kukatwa hela bila ridhaa yao nawajibu haraka: ada ya uanachama hukatwa ukishasaini fomu, na ukitaka kuacha unatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala, yaani ya kuwakilishwa bila kujiunga, pale tu chama chenye wafanyakazi walio wengi hapo kazini kimekubaliana hivyo na mwajiri.

"Chama ni cha walioajiriwa, mimi kibarua tu." Hili nalo si kweli. Ukimfanyia kazi mtu mmoja wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, sheria inakuchukulia kuwa mfanyakazi mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Saa 45 ni kama siku tano za saiti! Foromani anayekwambia hujaajiriwa kwa kuwa hujasaini karatasi anakupotosha.

Ila siku ya kubishana utaulizwa ulifanya kazi lini. Ndiyo maana namsumbua kila ninayekutana naye awe na daftari: tarehe, saiti, jina la aliyekupangia kazi, saa ya kuingia na ya kutoka, hela uliyopokea. Daftari likilowa zege, tumia simu. Jiandikie ujumbe kila jioni kabla hujapanda daladala.