Maziwa hayaoshi risasi

Fundi anapasua betri kutwa nzima, jioni anapewa pakiti ya maziwa, anainywa, anasema sumu ya risasi, ile metali ya kwenye betri, imeshuka. Mpaka rangi anasema hivyo, mchomeleaji naye vilevile. Wako hata waajiri wanaogawa nusu lita kwa kila mtu na kuona wamemaliza wajibu wao, ilhali hakuna bomba la kunawia pale karakana. Hili limerudiwa mno, na linaumiza watu.

Kwanza, risasi inaingilia wapi? Huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na moto ukizidi hapo mvuke unaongezeka. Mvuke ukipoa angani unakuwa vumbi laini mno, linashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Maziwa yanapita kooni kwenda tumboni. Hayo mawili hayakutani popote.

Kwa risasi inayomezwa, hapo pana ukweli kidogo, na ndio unaozaa uongo wote. Utumbo huipokea risasi kwa milango ileile ya kalsiamu na chuma. Mtu mzima aliyeshiba hunyonya takriban sehemu moja ya kumi ya anachomeza; akiwa na njaa anaweza kufikia nusu au zaidi. Mtoto mdogo anaweza kufikia nusu hata akiwa amekula. Kalsiamu ikiwemo kwenye mlo uleule, inagombania mlango. Basi uji wa asubuhi kabla ya kazi una faida kuliko maziwa ya jioni, kwa kuwa jioni kilichoingia kimeshaingia. Vyakula hivi ni walinzi wa mlango, si wafagiaji wa nyumba. Tena kwenye majaribio ya panya, sukari ya maziwa yenyewe iliongeza unyonywaji wa risasi. Ukiniuliza chakula, nitakutajia dagaa wanaotafunwa na mifupa yao: kalsiamu ipo, chuma kipo.

Chuma ni habari nzito zaidi. Mtoto aliyepungukiwa chuma hufungua milango mingi zaidi, na risasi hupita humo. Ikishaingia inazuia vimeng'enya vya kutengeneza himu, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, damu inapungua zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unashauri kalsiamu na chuma kwa watoto hadi miaka 10 wenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu, *ikiwa lishe yao ina upungufu*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo watu wanayaruka. Ukimrundikia vidonge vya chuma mtu asiye na upungufu, humlindi na risasi.

Halafu kuna mifupa. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyo mwilini mwa mtu mzima imekaa mifupani, na hukaa huko miaka na miaka; kwenye damu nusu yake huondoka kwa takriban mwezi mmoja. Fundi akipumzika miezi mitatu, akapima, namba ikashuka, anashukuru maziwa. Sehemu ya risasi hiyo imetoka na mkojo. Nyingine imehamia mfupani. Mwanamke akishika mimba mifupa inaachia kalsiamu, na risasi inafuatana nayo hadi kwa mtoto. Nchini Mexico wajawazito waliopewa miligramu 1200 za kalsiamu kila siku walishusha risasi ya damu kwa takriban asilimia 11. Nawashauri wajawazito waitumie, lakini ni asilimia 11.

Kitunguu saumu? Mwaka 2012 huko Iran kilijaribiwa kwa wafanyakazi wa betri, na risasi ya damu ikashuka. Sikidharau, ila jaribio lilikuwa la wiki chache na mifupa ina hesabu ya miaka. Hata dawa za hospitali zinazovuta risasi zina mpaka. Jaribio la Marekani lililotolewa 2001 lilihusu watoto 780 waliokuwa na mikrogramu 20 hadi 44. Suksima, mojawapo ya dawa hizo, iliteremsha risasi kwenye damu, lakini vipimo vya akili havikutofautiana na vya wasioipata. Kwa mtoto aliyefika 45 dawa inahitajika bila kusita. Tusimwahidi mama kwamba itarudisha kilichopotea. Na ikitolewa huku mtoto analala palepale penye vumbi, namba inapanda tena.

Ndiyo maana kazi yangu kubwa ni vumbi. Sakafu imwagiwe maji kabla ya kusuguliwa, isifagiliwe kavu. Nguo zisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Tazama kucha za aliyeshika pleti za betri: ule weusi wa kijivu uliokwama chini yake ndio unaoliwa na mkate. Brashi na sabuni kwenye kucha kwanza, kisha uso, kisha nguo zivuliwe na zibaki kazini, ndipo sigara au chakula. Nguo zikilazimika kufika nyumbani, zifuliwe peke yake, maji yasimwagwe uani watoto wanapochezea, na mtoto asibebwe kabla ya kuoga.