Homoni ya mapenzi si limbwata

Nikitaja tu kwamba kazi yangu ni ubongo na jeni, hasa kwenye shughuli za harusi, hakosekani shangazi wa kuniuliza kwa sauti ya chini: ile homoni ya mapenzi inauzwa wapi? Anaulizia oksitosini. Anataka limbwata la maabara.

Sifa hiyo oksitosini imepewa na panya. Kwenye nyanda za nyasi za Marekani yupo kipanya aitwaye vole, mwenye tabia adimu kwa mamalia: dume na jike wakishazoeana huishi pamoja, hulala wamebanana, na kulea wanalea wote wawili. Mapenzi yao hupimwa hivi. Mwenza anafungwa kamba fupi upande mmoja wa sanduku, mgeni upande wa pili, kisha vole wako anaachiwa katikati na kamera inawashwa kwa saa tatu. Aliyependa utamkuta kamganda mwenzake ubavuni.

Tangu miaka ya 1990 ilionekana kwamba vole akipewa dawa ya kuziba vipokezi vya oksitosini ubongoni, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo, hamgandi mwenza kuliko mgeni. Wengi tukaona mjadala umefungwa.

Mwaka 2023 watafiti wa Devanand Manoli, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wa Nirao Shah, Stanford, walitumia mkasi wa jeni uitwao CRISPR wakapata vole wasio na kipokezi hicho tangu mimba. Wakawatia sandukuni. Vole wakawaganda wenza wao kama kawaida! Majike wakazaa na kunyonyesha, ingawa watoto waliofika kuachishwa ziwa walikuwa wachache na wepesi zaidi.

Je, dawa ilitudanganya? Sidhani. Kumzibia mtu mzima mlango aliouzoea si sawa na kujenga nyumba bila mlango huo. Ubongo unaokua una muda wa kutoboa kwingine. Tena huenda dawa hugusa na vipokezi vya jirani, vya homoni nyingine iitwayo vasopresini. Molekuli hizo mbili ni kama ndugu: kila moja ina amino asidi tisa, na zinatofautiana mbili tu.

Huwa namwambia shangazi kwamba huenda yeye mwenyewe ameshachomwa oksitosini, leba, kuzuia damu baada ya kujifungua. Wa mwisho kuniuliza alicheka mpaka akashika kilemba: “Mbona sikumpenda mkunga, mwanangu?”