Kwa Nini Bundi wa Athene Hakubadilika

Ukiitazama kwa makini tetradrakma ya Athene ya karne ya 5 KK, sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 17 na ushei, utaona kwamba uso wa mungu wa kike Athena umechongwa kwa upande, ilhali jicho lake limechongwa kana kwamba anakukabili. Wachongaji waliopamba hekalu la Parthenon katika karne hiyohiyo walijua vyema jicho la mtu aliyegeuka upande lilivyo. Mtindo huo wa kizamani, basi, haukutokana na uhaba wa ufundi. Kwa maoni yangu, ulihifadhiwa kwa makusudi.

Nyuma ya sarafu yupo bundi, ndege wa Athena, pamoja na tawi la mzeituni, mwezi mchanga na herufi ΑΘΕ, mwanzo wa jina la mji. Linganisha na Sirakusa, mji wa Wagiriki huko Sisilia, ambako mafundi Kimon na Euainetos walitia majina yao kwenye mihuri ya kugongea sarafu, wakamchonga Arethusa, nimfa wa chemchemi ya mji huo, akizungukwa na pomboo kwa ustadi ambao hadi leo hunistaajabisha. Kwa uzuri, Athene haifui dafu.

Lakini fedha ya Athene, iliyochimbwa Laurion, eneo la migodi kusini mwa mji huo, ilisafiri hadi Misri na Shamu, ikapokelewa na watu wengi wasiojua kusoma Kigiriki, ambao waliitambua sarafu kwa sura yake tu na ambao wangeitilia shaka mara sura hiyo ingebadilika. Hata hivyo walikuwa waangalifu: sarafu nyingi za bundi zilizofukuliwa huko zina majeraha ya patasi, kwa kuwa mpokeaji alitaka kuhakikisha kwamba ndani hamna shaba.

Athene nayo ililinda jina lake. Sheria ya mwaka 375/374 KK, iliyopendekezwa na Nikophon na ambayo jiwe lake lilipatikana katika Agora, uwanja wa soko wa Athene, mwaka 1970, ilimweka mtumwa wa umma kati ya meza za wabadilishaji fedha ili akague sarafu. Yenye kiini cha shaba au risasi aliikata papo hapo; iliyo halali aliirudisha kwa mwenyewe, na mfanyabiashara aliyeikataa baada ya hapo alinyang'anywa bidhaa alizokuwa akiuza siku hiyo.